Gango la Baharini ni la Kukufikisha Pwani

(Yafuatayo ni maneno aliyoyasema mzee mmoja, mvuvi wa pwani ya kusini ya Kenya, mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya bahari.)



Nimeombwa niseme habari za kutengeneza chombo na vifaa vya uvuvi vinapoharibika baharini, mbali na fundi na mbali na duka. Nimekubali kwa furaha, walakini kwanza nataka kuwauliza jambo moja. Kamba ikikatika hapa pwani, mtu hufanya nini? Humtuma mtoto dukani akanunue nyingine. Je, kamba ikikatika nje ya mwamba, na kusi inavuma, mtoto wa kutumwa yuko wapi, na duka li wapi? Huko kila mtu ni fundi, karakana yake ni ngalawa yake, na vifaa vyake ni vile alivyovichukua alfajiri alipotoka. Asichokichukua hana.

Watu wengi hudhani ya kuwa ufundi huu ni ile akili ya kutengeneza kitu kwa kitu kingine kisicho chake. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu tu ya ufundi. Nusu ya pili, nayo ndiyo kubwa, ni kujua kwamba kitu ulichokitengeneza baharini hakikupona. Kimepewa muda tu, na muda huo ni wa kurudi nyumbani. Hayo ndiyo niliyokuja kuwaambieni leo, na mengine yote nitakayosema yanafuata hapo.

Kikoi cha mjomba

Neno hili sikulitoa kitabuni. Nalifundishwa na mjomba wangu, ndugu yake mama, nilipokuwa kijana asiyeota ndevu. Siku hiyo tulitoka kwa ngalawa, tukavuka mlango wa mwamba na umande wa asubuhi, tukatia nanga mahali anapopajua yeye. Changu na tewa walikuwa wakila kama watu waliofungulia njaa. Mara tukasikia mlio mdogo ubavuni. Kamba iliyofunga mti mmoja wa kushikia matengo ilikuwa imelika, ikakatika, na tengo la upande ule likaanza kucheza majini.

Mjomba hakupiga kelele. Aliniambia nihamie upande wa pili nipunguze uzito, kisha akavua kikoi chake, akakipasua vipande virefu, akavisokota, akaufunga ule mti. Alipomaliza kufunga akatia kijiti katikati ya kamba zile, akakizungusha mpaka zikakaza kama waya, akakifunga kijiti kisirudi. Nikaona kazi njema kabisa, nikashika mshipi wangu nianze tena kuvua. Mjomba akasema, "Kunja mshipi. Twenda zetu."

Nalikasirika moyoni, kwani samaki walikuwa tele na bei ilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Mjomba, si pamekwisha kupona?" Akanijibu, "Kikoi si kamba. Kikoi kimetupa ruhusa ya kwenda nyumbani, hakikutupa ruhusa ya kuvua." Basi tukang'oa nanga. Kabla hatujafika mlangoni upepo uligeuka, mawimbi yakainuka, na mara mbili ilitubidi kutua tanga tukakaze tena vile vitambaa vilivyokuwa vimelegea. Tukafika. Laiti tungalingoja saa moja zaidi, sijui ningalikuwa nani wa kusema nanyi leo.

Tena mjomba alikuwa na desturi moja iliyonishangaza. Tulipofika hakukifungua kile kikoi upesi. Alikiacha pale ubavuni kimening'inia, kila apitaye akione, mpaka kamba mpya ilipopatikana. Alisema kwamba gango lililofichwa huua, kwa sababu mtu mwingine atakichukua chombo akidhani ni kizima.

Ufundi wa wazee wetu

Msidhani ya kuwa kutengeneza chombo kwa kamba ni kazi ya maskini asiye na msumari. Ni elimu ya kale katika pwani hii. Kuna kitabu kidogo kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, chenye habari za safari za biashara za Bahari Nyekundu na pwani ya Afrika ya Mashariki. Kitabu hicho chataja mji wa biashara ulioitwa Rhapta, ambao jina lake lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Tena chataja kisiwa ambacho watu wake walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushonwa, wakitega vikapu vya kusukwa penye milango ya maji. Mwenye kulitazama dema la leo atajua kwamba elimu hiyo haikupotea.

Na mtepe je? Mtepe, ambao ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, pasipo msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mshono ukilegea, mabaharia wenyewe waliweza kuushona tena, maana dawa ya chombo ilikuwa katika minazi ya kila pwani waliyofika. Hiyo ndiyo hekima yake: chombo kilitengenezwa kwa vitu ambavyo mwenyewe aweza kuvipata na kuvitumia kwa mikono yake.

Merikebu iliyozibwa kwa tanga

Hata mabaharia wakubwa wa dunia yamewapata haya yetu. Usiku wa tarehe 11 Juni, 1770, merikebu ya Kiingereza iliyoitwa Endeavour, ambayo nahodha wake alikuwa James Cook, ilipanda mwamba wa matumbawe karibu na pwani ya Australia. Mbao zikatoboka, maji yakaingia. Wakatupa baharini mizinga, mawe na mizigo, jumla ya tani 40 na zaidi, na maji yalipojaa usiku uliofuata ikaelea, lakini ikivuja vibaya.

Kijana mmoja wa merikebuni alikuwa ameuona ufundi fulani katika safari nyingine. Walichukua tanga, wakalijaza mafungu ya nyuzi za kamba kuukuu na sufu ya kondoo pamoja na samadi ya kuyashikilia, wakalipitisha chini ya merikebu kwa kamba mpaka likafika penye tundu. Maji yenyewe yaliyokuwa yakikimbilia ndani yalilivuta lile tanga likaziba, na mabaharia wakaweza kuyashinda maji kwa pampu.

Sasa lisikieni lililo kubwa. Je, Cook alisema, "Tumepona, tuendelee na safari"? La. Aliitafuta pwani, akapata mlango wa mto, akailaza merikebu ufukweni, na mafundi wake wakafanya kazi. Hawakuondoka mtoni humo mpaka tarehe 4 Agosti, yapata wiki saba. Na merikebu ilipolazwa, waliona jambo la kutisha: kipande cha mwamba kilikuwa kimekatika na kukwama ndani ya tundu kubwa, nacho ndicho kilichosaidia kuzuia maji. Wao hawakuwa na habari nacho. Walikuwa wamesafiri juu ya bahari kwa msaada wa jiwe wasilolijua. Basi ninyi mnaoziba ufa kwa kitambaa mkasema "pamepona," mwajuaje ni kitu gani hasa kilichoyazuia maji, na kwa muda gani?

Mfuko wa mvuvi

Matengenezo ya baharini huanza nchi kavu, usiku wa kuamkia safari. Kila chombo, hata kikiwa kidogo, na kiwe na mfuko wake wa matengenezo, nao usitumike kwa kazi nyingine. Wangu una vitu hivi: kisu kikali kilichofungwa kwa kigwe kisianguke majini; sindano kubwa ya tanga na uzi wake; sindano ya nyavu iliyokwisha jazwa uzi; kamba nyembamba, pima kumi; vipande vya kitambaa kizito; pamba ya kalafati na mafuta mazito katika kopo; kabari mbili tatu za mti laini; vipande vya mbao vya kufanyia gango; koleo; misumari michache; ndoana na chubwi za akiba; na kinoo. Mwenye mashine ataongeza plagi, pini na ufunguo wake.

Zaidi ya mfuko huo, kuwe na upo wa kufulia maji, au dumu la plastiki lililokatwa, nalo lifungwe kamba. Makasia mawili yawemo hata kama una mashine mpya. Simu ya mkono nayo ni msaada mkubwa siku hizi, mradi umeifunga vizuri katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Lakini kumbukeni kwamba simu huita watu, haishoni tanga.

Nasema haya kwa sababu kila mwaka nawaona watu wakitoka na kisu kimoja butu, na kamba ya akiba imebaki nyumbani imefungia mbuzi. Mtu huyo akipatwa na jambo, husema bahari ni mbaya. Bahari haikumfungia mbuzi wake.

Maji yakiingia

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe. Chombo kikitoboka, la kwanza si kufua maji, bali kutafuta yanapoingilia. Mmoja afue, mwingine atafute. Ukipaona, hamisheni uzito upande wa pili, au mbele, au nyuma, mpaka tundu liinuke juu ya maji ikiwezekana. Tundu lililo juu ya maji ni tundu la nguo. Tundu lililo chini ya maji ni mdomo.

Kisha ziba. Ufa mwembamba uzibwe kwa pamba iliyopakwa mafuta, ukiisukuma kwa ncha ya kabari pole pole. Usipige kwa nguvu, maana ubao mzee utapasuka na ufa wa shubiri utakuwa wa dhiraa. Tundu la mviringo lizibwe kwa kabari ya mti laini iliyozungushiwa kitambaa, kwani mti laini hunywa maji ukavimba ukajikaza wenyewe. Ubao ukivunjika, weka kitambaa kizito kilichokunjwa, juu yake ubao, na juu ya ubao mti wa kuukandamiza dhidi ya taruma. Na ikiwa mkono haufiki kwa ndani, fanyeni kama wale wa Endeavour: pitisheni kipande cha tanga kwa nje, maji yenyewe yatalisukuma tundu lijizibe.

Tanga, foromali na usukani

Tanga likipasuka, litue upesi. Mpasuko wa shubiri moja ukiachwa katika upepo huwa wa tanga zima, na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Shona ukianzia mahali pazima na kumalizia mahali pazima. Na kama pembe ya tanga imeng'oka na huna pa kufunga kamba, chukua kijiwe laini kilicho kama yai la njiwa, kifunike kwa nguo ya tanga, kisha funga kamba shingoni mwake. Kijiwe kitazuia kamba isichomoke. Ni jambo dogo, lakini limewarudisha watu wengi.

Foromali ikipasuka, igange kama mfupa wa mtu. Weka vipande vya mbao pande mbili au tatu za ufa, hata kasia lafaa, na gango lipite ufa kwa urefu wa mkono kila upande. Funga kwa kamba iliyobanana, kaza kwa kijiti cha kuzungusha, kisha pigilia kabari chini ya kamba. Na baada ya hapo usitweke tanga lote. Kunja nusu. Mtu aliyefungwa gango mguuni hachezi mpira.

Hapa pana neno juu ya kamba. Kamba za zamani za pamba na katani zikilowa maji hujikunja zikakaza. Nailoni sivyo, ikivutwa hunyooka. Basi mwenye kufunga gango kwa nailoni na alitazame kila mara na kulikaza tena. Tena nailoni huteleza. Fundo lililotosha kwa kamba ya makumbi halitoshi kwa nailoni, liongezwe mzunguko. Na kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, pengine hata nusu. Kamba iliyounganishwa kwa fundo si sawa na kamba nzima, hata kama fundo lenyewe ni zuri la kupendeza.

Usukani ukivunjika, kasia la nyuma ndilo usukani. Kama hapana kasia, funga kikapu au dumu lililojaa maji kwa kamba, uliburure upande unaotaka chombo kigeukie. Na ikiwa mlingoti umeanguka na mashine imekufa, usikubali chombo kilale ubavu kwa mawimbi. Kama chini papatikana, tia nanga mara moja. Kama hapapatikani, funga dema, au tanga lililokunjwa, kwa kamba ndefu kutoka omo, uliache liburure majini. Chombo kitaelekeza uso wake kwenye mawimbi na mwendo wake utapungua.

Nyavu na mishipi

Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wayajua mambo ya nyavu pengine kuliko sisi. Nyavu za kutega za kitani zililetwa huko mwaka 1905, na katika miaka ya 1950 zikaja za nailoni, ambazo hazikuoza upesi na zilivua zaidi. Lakini uzi huo una hila zake. Jua huula polepole bila kuonekana, na wavu waweza kuonekana mzima, kumbe hukatika kwa mkono. Basi jaribu uzi kabla ya kutoka.

Wavu ukichanika ukiwa kazini, usijaribu kushona macho yote chomboni. Kusanya kingo za tundu, uzifunge pamoja kwa uzi, tundu lifungwe kama mdomo wa mfuko, uendelee kuuvuta. Macho utayashona pwani, ukikata kwanza nyuzi mbovu mpaka ufike penye macho mazima. Na kipande kilichokatika kabisa, msikitupe baharini wala ziwani. Wavu wa pamba ukipotea huoza; wa nailoni hukaa miaka mingi ukiua samaki wasioliwa na mtu. Kirudisheni nyumbani, kina kazi nyingi.

Kuhusu mishipi, chubwi ikipotea, plagi kuukuu ya mashine yafaa, au jiwe lililobanwa katikati ambalo kamba haichomoki. Ndoana iliyonyooka yaweza kukunjwa tena mara moja kwa koleo. Ukiikunja mara ya pili umekwisha kuivunja, ila hujui tu. Mshipi uliokwaruzwa na mwamba ukatwe sehemu yote iliyokwaruzwa. Usione huruma ya pima mbili ukampoteza nguru.

Pini ya mashine

Wenye mashine nao wana somo lao. Mashine ndogo nyingi za kupachika nyuma zina pini ndogo inayoishika rafadha, yaani lile panga linalozunguka majini. Panga likigonga jiwe au gogo, pini hukatika. Mtu asiyejua husema pini ile ni dhaifu, akatia msumari mgumu wa chuma mahali pake, akajisifu kwamba haitakatika tena. Ni kweli, haitakatika. Siku nyingine panga likigonga mwamba, kitakachovunjika ni meno ya ndani ya mashine, ambayo bei yake ni samaki wa miezi mingi. Pini iliwekwa ife ili mashine ipone.

Basi chukua pini za akiba mbili au tatu, hazina uzito wala bei kubwa. Ukishikwa huna pini, waweza kutia kipande cha chuma laini ukarudi pole pole, na ukifika pwani ukitoe siku ile ile. Haya yanarudi kwenye neno langu la kwanza. Dawa ya baharini ikiachwa chomboni hugeuka ugonjwa.

Niliyoyafanya mimi

Sasa nitawaambia jambo ambalo nisingependa kulisema, lakini mzee akificha kosa lake, vijana hulirudia.

Miaka mingi baada ya siku ya kikoi, mjomba amekwisha fariki, nalikuwa nahodha wa mashua ndogo, nikiwa na mdogo wangu na kijana mwingine. Ilikuwa msimu wa kusi. Tukiwa nje ya mwamba mbele ya Gazi, foromali ilipasuka. Nikaiganga kwa vipande vya mbao na kamba ya nailoni, kama nilivyowaeleza, na kazi ilikuwa nzuri. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, si twende?" Nikatazama samaki, nikatazama jua bado liko juu, nikamwambia, "Gango hili ni imara. Tuvue kidogo."

Tulivua mpaka alasiri. Tulipotweka tanga ili kurudi, upepo ulikuwa umezidi, nami nikatweka tanga zima, maana nalikuwa nimechelewa na nikitaka kwenda mbio. Ile nailoni ilikuwa imelowa na kulegea, nami sikuikaza tena. Foromali ilivunjika kwa kishindo, ikaanguka na tanga lake, ikampiga mdogo wangu begani.

Ninyi mwaujua mkondo wetu. Katika pwani hii maji ya nje ya mwamba huenda kaskazini, na wakati wa kusi huzidi mbio, pengine hufika maili nne za bahari kwa saa. Tulijaribu makasia, hatukuweza. Nikafunga tanga lililokunjwa likaburura omoni, tukakaa. Usiku tuliziona taa za Mombasa zikipita upande wa kushoto, karibu kiasi cha kuzihesabu, wala hatukuweza kuzifikia. Mdogo wangu aliugulia usiku kucha, na mimi nikiufua maji na kusikia mwamba ukinguruma kila saa karibu zaidi. Alfajiri mashua ya wavuvi ikatuona, Mungu awabariki, ikatuvuta mpaka ndani.

Mdogo wangu aliishi, walakini mkono wake haukuinuka tena juu ya bega. Hakuweza kuvuta wavu tena maisha yake. Alifanya kazi ya kushona nyavu za wengine, na hakunilaumu hata siku moja. Ingalikuwa heri kama angalinilaumu. Samaki tuliowavua baada ya ile foromali kupasuka walikuwa kama kapu moja. Nimekwisha kupiga hesabu mara nyingi, kapu moja la samaki kwa mkono wa mtu.

Ufundi wangu siku ile haukuwa na kosa. Gango lilikuwa jema, kamba zilikuwa nyingi, kabari zilikaa mahali pake. Kosa lilikuwa kwamba naliusifu ufundi wangu nikasahau kazi yake.

Kanuni tatu

Basi nawaachieni kanuni tatu, nazo si ngumu kushika.

Kwanza, toka na mfuko wako, na uukague usiku, si alfajiri penye haraka. Pili, ukitengeneza kitu baharini, geuza chombo uelekee nyumbani, ukipunguza tanga au mwendo wa mashine, na ulitazame gango lako njia nzima. Samaki watakuwapo kesho. Wewe ndiwe usiye na hakika. Tatu, ukifika, funga kitambaa chekundu mahali palipotengenezwa, na kisitoke mpaka fundi amemaliza kazi. Mwenye kuona kitambaa hicho, hata akiwa mwenye chombo mwenyewe, asikishushe chombo majini.

Na wewe ambaye si mvuvi, unayesoma maneno haya huko bara au mjini, usidhani hayakuhusu. Baiskeli iliyofungwa waya penye breki, jembe la ng'ombe lililofungwa kamba penye mti wake, waya wa umeme uliozungushiwa kitambaa nyumbani, vyote ni magango ya kukufikisha. Kila mtu anacho kitu nyumbani kwake alichokifunga "kwa leo tu," na leo hiyo imekuwa miaka mitatu. Kitafute, ukikiona kifunge kitambaa chekundu, na kesho ukitengeneze.

Nimekwisha. Mwenyezi Mungu awatoe salama na awarudishe salama.